Kuziba Vinywa Si Kuhukumu



Tangu utawala wa ubaguzi wa rangi ulipoanguka katika Afrika ya Kusini imepita miaka zaidi ya thelathini. Vijana wengi hawakuuona kwa macho yao. Basi sasa wako watu wanaoanza kuusifu kidogo kidogo. Husema hivi: «Ndiyo, Wazungu wale walikosa, lakini nchi yao ilikuwa na sheria. Mtu wa fujo alipewa karatasi tu, akaambiwa akae kwake kimya. Je, si afadhali kuliko kutupwa kifungoni?»

Maneno hayo ni laini masikioni, lakini ndani yake mna sumu. Yafaa tuyajibu moja moja. Maana anayeyakubali leo juu ya Afrika ya Kusini, kesho atayakubali juu ya nchi yake mwenyewe, na siku hiyo hatakuwa na neno la kujitetea.

Karatasi ile ilikuwa kitu gani?

Mwaka 1948 chama cha Makaburu kilichoitwa cha Kitaifa kilishinda uchaguzi, kikashika serkali. Mwaka 1950 Bunge lao, ambamo hakuketi hata mtu mweusi mmoja, likakata sheria tatu nzito. Moja ilikuwa ya kumwandika kila mtu kadiri ya rangi yake. Ya pili ilikuwa ya kugawa mitaa kadiri ya rangi. Ya tatu iliitwa Sheria ya Kukomesha Ukomunisti. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa askari wa zile mbili. Maana watu wakikataa kutengwa kama mifugo, mwenye kuwatenga huhitaji chombo cha kuwanyamazisha.

Kwa sheria hiyo Ministri wa Haki (ndivyo alivyoitwa!) aliweza kutia sahihi karatasi moja yenye jina la mtu. Polisi waliipeleka nyumbani kwake, au kazini, au walimngoja njiani. Tangu saa ile maisha yake yalikatwa vipande. Mara nyingi amri ilikuwa ya miaka mitano, na ikiisha, Ministri aliweza kuandika nyingine. Mtu hakuweza kutoka nje ya wilaya iliyotajwa. Alipaswa kwenda kwa polisi kila juma kuonyesha kwamba yupo. Alikatazwa kuingia shuleni, kiwandani na mahali pa kuchapisha magazeti. Alikatazwa mikutano, wala si mikutano ya siasa peke yake: wengi walikatazwa hata kuketi pamoja na wageni wawili watatu kwa mazungumzo. Hakuweza kusemezana na mtu mwingine aliyekatazwa kama yeye. Mume na mke wakiwa wamekatazwa wote wawili, ilitakiwa ruhusa ya serkali ili wazungumze ndani ya nyumba yao wenyewe.

Tena baada ya sheria ya mwaka 1962 maneno yao hayakuweza kuandikwa popote nchini. Gazeti likitaja aliyosema mtu wa namna hiyo, mwenye gazeti alikuwa na kosa.

Sasa tuulize kama tunavyouliza katika shauri lo lote. Nani alimshitaki? Hakuna. Mashahidi ni nani? Hawapo. Juji gani alimsikiliza? Hakuna juji. Je, aliweza kukata rufani? Majuji hawakupewa nafasi ya kupima kama Ministri amesema kweli au uongo. Akiuliza sababu, Ministri aliweza kujibu kwamba kuieleza ni hatari kwa nchi. Mtu alipelekwa mbele ya juji siku moja tu: siku aliyovunja amri. Na hapo hakuulizwa kama amri ni ya haki. Aliulizwa tu kama ameivunja.

Zaidi ya watu elfu moja walipata karatasi hiyo kati ya mwaka 1950 na mwaka 1990.

Na kwa watu wa mashambani palikuwa na dawa nyingine, ya zamani zaidi. Sheria ya mwaka 1927 ilimpa mkuu wa Serkali uwezo wa kumwondoa mtu mweusi katika kijiji chake na kumtupa mbali, bila shauri. Wakuu wa vijiji na wakulima waliokataa kutii walipelekwa mahali pakavu, pasipo jamaa wala shamba, wakakaa huko miaka mingi wasijue mwisho wake. Mwaka 1962 mama mmoja Mzungu, Helen Joseph, alisafiri na rafiki zake maelfu ya kilometa kuwatafuta watu hao waliosahauliwa. Aliporudi alipata malipo gani? Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule akawa mtu wa kwanza katika nchi kufungiwa ndani ya nyumba yake. Kutembelea wasiokuwa na mtu wa kuwatembelea kulikuwa kosa!

Neno la kwanza: «Walikuwa Wakomunisti»

Wenye kuitetea serkali ile husema kwamba ilipigana na Ukomunisti. Neno hilo lilitaka sana kuwashika Wakatoliki. Sote twajua kwamba Baba Mtakatifu Pio XI aliulaani Ukomunisti usiomjua Mungu katika barua yake ya mwaka 1937. Basi wengi walifikiri: «Adui wa adui yetu ni rafiki yetu.» Lakini tusome sheria yenyewe. Je, ilimwita nani Mkomunisti?

Ilimwita hivyo mtu ye yote aliyetaka kuleta mabadiliko ya siasa, ya kazi, ya maisha ya watu au ya uchumi kwa njia ya fujo au ya kuvunja sheria. Na katika nchi ambamo mtu mweusi huvunja sheria akiketi katika benchi la Wazungu kwenye stesheni, nani basi hakuwa Mkomunisti?

Jambo hili si la kubahatisha. Lilionekana wazi mbele ya tribunali. Mwaka 1952 Waafrika na Wahindi walifanya kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi kwa upole, mikono mitupu. Zaidi ya watu 8.000 walikubali kufungwa. Viongozi ishirini, pamoja nao Nelson Mandela na Walter Sisulu, walishitakiwa kwa sheria ile ya Ukomunisti. Juji Rumpff aliwahukumu kuwa na kosa. Lakini alisema yeye mwenyewe kwamba kosa hilo halina uhusiano na Ukomunisti kama watu wote wanavyoujua, tena alikiri kwamba viongozi hao waliwaagiza watu wao wasifanye ukali. Maana yake nini? Maana yake neno «Ukomunisti» lilikuwa gunia tu. Serkali ilimtia humo kila mtu iliyetaka kumbeba.

Mtazameni Albert Luthuli. Alikuwa mwalimu, Mkristu wa kanisa la Kiprotestanti, na mkuu wa watu wake huko Groutville. Mwaka 1952 serkali ilimwambia achague: ukuu wake au chama cha African National Congress. Alikataa kuacha chama, wakamvua ukuu. Baadaye wakampa amri moja baada ya nyingine: ya mwaka 1953, ya mwaka 1954, na ile ya mwaka 1959 iliyomfungia miaka mitano katika wilaya yake. Mwezi wa kumi na mbili wa 1961 alipewa ruhusa ya siku chache kwenda Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ulimwengu ulimsikiliza. Akarudi nyumbani, akafungiwa tena, na baada ya sheria ya mwaka 1962 watu wa nchi yake hawakuruhusiwa hata kusoma maneno yake gazetini. Je, ndiye Mkomunisti huyo?

Mtazameni Robert Sobukwe, mkuu wa Pan Africanist Congress. Watu wake walitengana na chama cha Luthuli mwaka 1959, na sababu moja ni kwamba hawakutaka Wakomunisti wawe na nguvu ndani yake. Lakini Sobukwe aliteswa kuliko wengi. Mwaka 1960 alihukumiwa miaka mitatu kwa ajili ya maandamano ya kupinga pasi. Mwaka 1963 alipomaliza kifungo chake, Bunge likakata kifungu cha sheria kilichomwezesha Ministri kumzuia mtu aliyekwisha kulipa deni lake. Kila mwaka kilifanywa upya kwa ajili yake yeye. Akakaa kisiwani Robben miaka sita zaidi, peke yake, bila hukumu. Alipotolewa mwaka 1969 hakurudishwa kwao. Alipelekwa Kimberley, akafungiwa humo kwa amri mpaka alipokufa mwaka 1978.

Na mapadri wetu je? Mwaka 1968 Padri Cosmas Desmond, Mfransisko, aliwaona watu wa misioni yake wakihamishwa kwa nguvu na kutupwa Limehill, mahali penye mahema tu. Alizunguka nchi, akayaona mambo hayo hayo kila mahali, akaandika kitabu. Mwaka 1971 akafungiwa nyumbani kwa amri. Padri Smangaliso Mkhatshwa, aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Maaskofu wa nchi ile, naye alikatazwa mwaka 1977. Mapadri hawa kosa lao lilikuwa moja: walisema waliyoyaona. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kutangaza mwaka 1957 kwamba ubaguzi ule ni mbaya katika asili yake. Mtu asitudanganye basi kwamba vita ile ilikuwa ya kuilinda dini.

Kwa nini hawakwenda mbele ya juji?

Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Kama watu hao walikuwa wabaya hivyo, kwa nini wasishitakiwe waziwazi?

Jibu ni hili: serkali ilijaribu, ikashindwa. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1956 iliwakamata watu 156 wa rangi zote, Luthuli na Mandela na Helen Joseph wakiwa miongoni mwao, ikawashitaki kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Ililetwa mizigo ya karatasi, na polisi wengi wakatoa ushahidi. Shauri likaendelea miaka zaidi ya minne. Mwishoni, tarehe 29 mwezi wa tatu 1961, majuji watatu, Wazungu wote, waliwaachilia washitakiwa wa mwisho waliobaki. Ushahidi haukutosha.

Sasa angalieni tarehe. Mwaka 1961 serkali inashindwa tribunalini. Mwaka 1962 inakata sheria ya kumfungia mtu nyumbani bila tribunali. Mwaka 1963 inakata sheria ya kumzuia mtu siku tisini bila tribunali. Je, hamwoni? Mtu mwenye ushahidi huenda kwa juji akikimbia. Mtu asiye na ushahidi hutafuta njia ya kumzunguka juji. Kila karatasi ile ilikuwa ni maungamo ya serkali yenyewe: «Hatuna kitu cha kumshitaki mtu huyu, lakini twamwogopa.»

Wakristu wanajua jambo hili tangu zamani. Nikodemo aliwauliza wakubwa wenziwe kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia mwenyewe. Na Festo, ambaye alikuwa mpagani, alieleza kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mshitakiwa kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshitaki. Serkali iliyojiita ya Kikristu ilishindwa na mpagani.

Neno la pili: «Ilikuwa adhabu nyepesi»

Wengine husema: «Hata hivyo, mtu alilala kitandani mwake.» Haya, tufikiri kidogo. Mfungwa ana mlinzi wake, na serkali humlisha. Mtu wa karatasi alipaswa kuwa mfungwa na mlinzi wa kifungo chake mwenyewe. Kila mtu aliyebisha hodi, alipaswa kujiuliza: je, nimfungulie? Wakiwa wawili, nimwambie mmoja angoje nje? Kazi ya mwalimu ilikwisha, kwa kuwa shule ilikatazwa. Kazi ya mwandishi ilikwisha, kwa kuwa kalamu ilikatazwa. Nani angemwajiri mtu anayefuatwa na polisi? Na rafiki zake walianza kupita njia nyingine, si kwa ubaya bali kwa woga. Wahenga wetu wamesema: Penye wengi hapaharibiki neno. Basi serkali ile ilihakikisha kwamba pasiwe na wengi mahali po pote.

Mwaka 1977 Winnie Mandela alichukuliwa kutoka Soweto akatupwa Brandfort, mji mdogo wa Makaburu. Hakumjua mtu huko, wala lugha ya watu weusi wa pale haikuwa yake. Mume wake alikuwa kisiwani katika kifungo cha maisha. Hiyo ndiyo adhabu nyepesi?

Tena karatasi ilikuwa mlango wa mambo mabaya zaidi. Steve Biko, kijana mwenye kuwafundisha watu weusi wasijidharau, alikatazwa mwaka 1973 na kufungiwa katika wilaya ya King William's Town. Tarehe 18 mwezi wa nane 1977 polisi walimkamata njiani, nje ya mipaka ya amri yake. Walimweka uchi, na pingu. Alipata majeraha ya kichwa mikononi mwao. Walimlaza akiwa mahututi ndani ya gari, wakampeleka Pretoria, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja, na tarehe 12 mwezi wa tisa akafa. Alikuwa na miaka 30. Ministri Kruger alisema mbele ya watu wa chama chake kwamba kifo hicho hakimgusi. Uchunguzi wa mwaka ule ukasema hakuna mtu wa kulaumiwa.

Mtu aliyekwisha kufutwa katika magazeti, mikutano na shule, ni rahisi kumfuta katika uhai. Kwanza humwondolea sauti, halafu jina, halafu pumzi.

Neno la tatu: «Ilileta amani»

Hilo nalo ni uongo, tena miaka inashuhudia.

African National Congress kilianzishwa mwaka 1912. Kwa muda wa karibu miaka hamsini kiliandika barua, kilituma wajumbe, kiliomba, kiliandamana bila silaha. Tarehe 21 mwezi wa tatu 1960, huko Sharpeville, polisi waliwapiga risasi watu waliokuja kupinga pasi, walikufa 69. Serkali ilifanya nini? Iliwaadhibu waliopigwa. Tarehe 8 mwezi wa nne chama hicho na kile cha Sobukwe vilipigwa marufuku. Mtu mweusi hakuwa na kura. Hakuwa na mjumbe wake Bungeni. Chama ndicho kilikuwa Bunge lake pekee, nacho kikafungwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na mbili, mabomu ya kwanza ya jeshi la siri la Umkhonto we Sizwe yakalia. Mimi sisifu mabomu. Nasema tu: anayefunga mlango wa maneno asishangae mtu akivunja ukuta.

Serkali haikujifunza. Tarehe 19 mwezi wa kumi 1977, mwezi mmoja tu baada ya Biko kufa, ilifunga vyama 18 kwa siku moja, pamoja na gazeti The World lililosomwa na watu weusi wengi. Kati ya vyama hivyo palikuwa na Christian Institute ya mchungaji Beyers Naudé, Kaburu mwana wa Makaburu, aliyeacha heshima zote za kabila lake kwa ajili ya haki. Yeye mwenyewe alikatazwa miaka saba. Mwandishi Donald Woods, Mzungu aliyekuwa rafiki wa Biko, alikatazwa vile vile. Akatoroka kwenda Lesotho amevaa kama padri.

Je, watu walinyamaza? Mwaka 1983 vyama mamia viliungana katika United Democratic Front. Mwezi wa pili wa 1988 serkali ikavizuia tena vyama 17. Safari hii viongozi wa makanisa waliona kwamba wamebaki wao kusema. Tarehe 29 mwezi ule Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Waanglikani, Askofu Mkuu Stephen Naidoo wa Wakatoliki wa Cape Town na wengine walishikana mikono wakaelekea Bungeni. Polisi walipowazuia, walipiga magoti njiani. Wakakamatwa. Waliokuwa nyuma yao wakamwagiwa maji kwa mashine. Mwaka huo huo gazeti New Nation, lililoanzishwa na Maaskofu Wakatoliki, lilifungwa miezi mitatu, na mhariri wake Zwelakhe Sisulu alikuwa kifungoni bila hukumu. Na mwezi wa kumi jumba la Maaskofu huko Pretoria, Khanya House, lilichomwa moto usiku. Miaka michache baadaye ilijulikana mbele ya Tume ya Ukweli kwamba waliolichoma ni watu wa polisi wa serkali yenyewe.

Hiyo ndiyo amani yao! Ilianza na karatasi, ikaishia na moto. Na tarehe 2 mwezi wa pili 1990 Rais de Klerk alisimama Bungeni akaondoa makatazo yote ya vyama. Miaka arobaini ya kuziba vinywa ilikwisha kwa hotuba moja. Wale waliokatazwa ndio walioshinda uchaguzi wa 1994. Wangekuwa wamewasikiliza mwaka 1952, ni makaburi mangapi yasingechimbwa?

Tumulike miguuni petu

Lakini mtu akimulika nyoka huanzia miguuni pake. Sisi wa Kongo tusifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa Makaburu peke yao. Wakoloni Wabelgiji walikuwa na relegasio: mtu aliondolewa kijijini na kupelekwa mbali kwa amri ya mtawala, bila tribunali. Wafuasi wa Simoni Kimbangu walihamishwa hivyo wengi sana, mpaka kanisa lao lilipokubaliwa mwaka 1959, miaka minane baada ya yeye kufa kifungoni huko Élisabethville. Wakatoliki wengi wa siku zile walinyamaza, kwa kuwa waliohamishwa hawakuwa wa kanisa lao.

Kisha uhuru ukaja, na dawa ile ile ikatumiwa na mikono myeusi. Chini ya Mobutu chama kilikuwa kimoja tu mpaka mwaka 1990. Walioanzisha UDPS mwaka 1982 walifungwa, kisha wakahamishwa kwa nguvu vijijini. Na zamu yetu pia ilifika: Kardinali Malula alilazimika kukimbilia Roma mwaka 1972, na mwaka uliofuata magazeti mengi ya dini yalifungwa. Waliowanyamazia wengine walipofungwa vinywa, walikuta wao wenyewe hawana mtu wa kuwasemea.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu. Kwanza, tukisikia kwamba chama au mtu fulani amekatazwa, tusiulize upesi kama ni mwenzetu wa kabila, wa chama au wa dini. Tuulize: amesikilizwa na juji? Pili, tukiambiwa kwamba ni adui wa taifa, tuombe ushahidi. Jina baya si ushahidi. Tatu, tusiache kumtembelea na kumsalimu mtu huyo, yeye na jamaa yake. Serkali yenye kuziba vinywa hutegemea sana woga wa majirani.

Hukumu iliyochelewa

Mtu ataniambia: «Hayo yamepita.» Hayajapita. Luthuli alikufa mwezi wa saba 1967 karibu na nyumbani kwake, bado akiwa chini ya amri. Serkali ilisema amegongwa na gari la moshi, na uchunguzi wa siku zile ukakubali. Jamaa yake hawakuamini hata siku moja. Mwaka 2025 shauri hilo lilifunguliwa tena mbele ya tribunali kuu ya Pietermaritzburg, na mwezi wa kumi juji akakata neno: Luthuli hakuuawa na gari la moshi. Alipigwa kichwani, na polisi wa usalama wamo katika kosa hilo. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule uchunguzi wa kifo cha Biko nao ulifunguliwa upya.

Mzee yule alinyimwa juji alipokuwa hai. Alimpata miaka 58 baada ya kufa. Ni haki, ndiyo, lakini ni haki iliyochelewa mno: waliompiga hawakuonekana kizimbani, na watu waliotaka kumsikia wamezeeka au wamekufa. Kwa hiyo Katiba ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1996 imeandika kwamba mtu asizuiwe bila hukumu. Maneno hayo machache yalinunuliwa kwa miaka arobaini ya vinywa vilivyozibwa.

Tusingoje sisi nasi kuyanunua kwa bei hiyo. Mtu akisema uongo, ajibiwe. Akitenda kosa, ashitakiwe mbele ya watu, naye ajitetee. Lakini asizibwe mdomo na karatasi ya mtu mmoja anayemwogopa. Mtawala anayekataza watu wasisikie neno la mwenzao, amekwisha kutuambia kwamba yeye mwenyewe hana la kujibu.